Ombi la Kuandikishwa Kuwa Sigara

Garsen,
Kaunti ya Tana River,
Kenya.

Kwa Katibu Mkuu,
Jumuiya ya Afrika Mashariki,
Arusha, Tanzania.

Mheshimiwa Katibu Mkuu,

KUH: OMBI LA KUANDIKISHWA KUWA SIGARA

Mimi ni mkulima wa maembe hapa Garsen, na kwa miaka hamsini na kitu nimekuwa mtu. Kazi hiyo imenichosha. Naomba, kwa heshima na taadhima, ofisi yako iniandikishe kuwa sigara. Sitaki makuu, wala si lazima niwe pakiti nzima. Hata sigara moja, kama zinavyouzwa hapa steji, yanitosha.

Naandika kwa Kiswahili kwa sababu mmekikubali kuwa lugha rasmi ya Jumuiya, na kwa sababu Kiingereza changu kilififia pamoja na mradi wa pamba wa Bura. Usidhani nimevuta kitu kabla ya kushika kalamu. Wazo hili lilinijia nikiwa na akili zangu timamu, siku mpwa wangu anayesomea sheria Mombasa alipokuja likizo, akaketi nami chini ya mwembe na kunieleza haki za sigara katika Afrika Mashariki.

Alianza na kesi iliyoamuliwa hapo hapo Arusha. Mwaka 2017 Uganda ilitunga sheria ya ushuru: sigara iliyotengenezwa Uganda ilipe kidogo, iliyoingizwa kutoka nje ilipe zaidi. Kampuni ya sigara ya BAT Uganda, ambayo sigara zake hutoka kwa kampuni nduguye huku Kenya, ikaja kwenu kulalamika kwamba sigara ya Kenya inafanywa mgeni ndani ya Jumuiya yake. Mwaka 2019 Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki ikakubali kwamba ubaguzi ule unakiuka Mkataba wa Jumuiya. Sigara iliyozaliwa Nairobi si mgeni Kampala.

Nilimwambia arudie hapo. Sigara iliyozaliwa Nairobi si mgeni Kampala. Mheshimiwa, sisi tuliozaliwa huku tumewahi kuwa wageni huku huku. Vijana wa jamii zetu kadhaa wameketishwa miaka nenda miaka rudi mbele ya wazee na maafisa kupigwa msasa kabla ya kupewa kitambulisho: baba yako nani, babu yako kazikwa wapi, mto ukifurika maji huanza kuingia kwa nani. Mwaka 1989 Wagaljeel wa kaunti hii walinyang'anywa vitambulisho katika ukaguzi wa Wakenya wenye asili ya Kisomali, na wapo waliozeeka wakivingoja. Sigara haijaulizwa kaburi la babu yake. Ina cheti cha asili ya bidhaa, kimepigwa muhuri, kinasomeka kila mpaka. Mimi nina barua ya chifu.

Mpwa wangu hakuishia hapo. Tanzania nayo, akasema, iliwahi kuweka sharti kwamba sigara isiyo na asilimia 75 ya tumbaku ya Tanzania ikose ushuru nafuu. Kenya ikanung'unika, na jambo likaingia katika ile orodha yenu ya vikwazo vya biashara visivyo vya ushuru, likajadiliwa kikao hadi kikao, mawaziri wakiwa wamefungua makoti. Kumbe orodha hiyo ipo! Naomba kujua embe langu limo ukurasa wa ngapi.

Maana embe la Tana, ngowe kwa mfano, lina msimu wake. Likiiva limeiva, halingoji kikao. Ukipita vijijini kandokando ya mto maembe yakikolea utayakuta yamelala chini ya miti kama watu waliolewa, nyuki juu yake, mbuzi wamekula mpaka wameyakinai. Barabara ikikatika, hayatoki. Isipokatika, anakuja mnunuzi mmoja na lori moja na bei moja. Soko la Ulaya ndilo kabisa hatulizungumzi: mwaka 2014 Kenya ilijizuia yenyewe kupeleka maembe huko kwa sababu ya nzi wa matunda, na miaka saba ikapita kabla ya kujaribu tena. Nzi mmoja akitaga ndani ya embe moja, shehena nzima iko mashakani.

Sipingi. Mzungu ana haki ya kutokula funza. Ila tazama mpangilio wenyewe. Embe, ambalo funza wake hajamzika mtu, lazima lithibitishe usalama wake kabla ya kuvuka mpaka. Tumbaku, ambayo Shirika la Afya Duniani linaihesabia zaidi ya vifo milioni 7 kila mwaka, haithibitishi kitu. Serikali inayotaka kuipunguza ndiyo inayoitwa kizimbani ithibitishe. Ng'ombe wangu pia yumo katika fungu la embe: hatoki Garsen kwenda mnada wa Mariakani bila kibali cha daktari wa mifugo. Anapimwa, anaandikwa, anapigiwa muhuri. Nilipoambiwa hivyo ndipo niliposema basi, mimi nabadili ukoo.

Nikupe mfano mwingine wa heshima ya sigara, huu nimeuona kwa macho yangu. Novemba 2023, mvua za El Niño zilipoikata barabara ya Lamu pale Lango la Simba na magari yakalala pande mbili za maji, kwetu unga ulipanda bei na dawa zikawa za kungojea. Nikiwa nimesimama kwenye tope nikaona mtumbwi unavuka, umebeba katoni mbili zilizofunikwa turubai kwa adabu, nahodha anakwenda polepole kama amebeba maiti. Tukavua kofia. Kumbe sigara.

Sasa nikupeleke steji, maana ndiko ninakotarajia kuishi ombi langu likikubaliwa.

Pale mabasi ya Lamu na ya Garissa yanaposimama abiria wanyooshe miguu, kuna kibanda cha mbao. Mbele zimepangwa biskuti na peremende, na kiberiti cha gesi kimefungwa kamba ya katani kisije kikaondoka na mteja. Nyuma ya peremende kuna pakiti ya sigara, mdomo wazi. Kwa Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya 2007, ni kosa kuuza sigara Kenya isipokuwa ndani ya pakiti yenye angalau kumi. Kwa sheria hiyo hiyo, onyo lazima lishike asilimia 30 ya uso wa pakiti na asilimia 50 ya mgongo wake, na tangu 2016 maonyo hayo yanakuja na picha za maradhi ambazo hutaki kuzitazama ukiwa unakula.

Mtazame mwuzaji. Anaichomoa moja kwa kucha mbili, anampa mteja, anatia sarafu mkebeni, anairudisha pakiti mahali pake picha ikitazama ukuta. Mteja anainama kwenye kiberiti cha kamba, shavu linabonyea, moshi unatoka, basi linapiga honi. Onyo hakuliona. Sigara moja haina uso wala mgongo wa kuandikwa. Katika Garsen nzima, mtu anayeonywa kuhusu sigara asubuhi mpaka usiku ni mwenye kibanda peke yake, naye havuti.

Wateja wa moja moja ni wale wasio na pesa ya pakiti: kibarua, mwendesha bodaboda, na mvulana aliyevua tai ya shule akaitia mfukoni. Mkaguzi wa kuwaangalia hao sijamwona, na nimekaa kwenye steji hiyo mpaka viatu vikapauka.

Nilidhani wakaguzi ni wavivu. Mpwa wangu akanirekebisha: wenye kazi hiyo walikuwa mahakamani. Kenya ilitoa kanuni za kudhibiti tumbaku Desemba 2014. Ndani yake mlikuwa na mchango wa asilimia 2 ya thamani ya tumbaku inayotengenezwa au kuingizwa nchini, uende kwenye mfuko wa kudhibiti tumbaku. Mlikuwa na sharti la kampuni kutaja viungo vya bidhaa zake. Na mlikuwa na mipaka ya maafisa wa serikali kukutana na watu wa tumbaku. BAT Kenya ikashtaki 2015. Miongoni mwa hoja zake, kwamba inabaguliwa. Mahakama Kuu ikaziunga mkono kanuni karibu zote 2016, Mahakama ya Rufani ikaitupa rufaa 2017, Mahakama ya Juu ikafunga jamvi Novemba 2019. Mtoto aliyeanza darasa la kwanza hapa Garsen mwaka ambao kesi ilifunguliwa alikuwa darasa la tano ilipokwisha. Kampuni ilishindwa mara tatu, na kila kushindwa kabla ya kule kwa mwisho kuliipa mwaka au miwili. Mimi nikishindwa kesi ya mpaka wa shamba mara moja tu, natoka na virago.

Na hapa ndipo biashara ya kimataifa ilipoingia chini ya mwembe wetu. Uruguay, nchi yenye watu kama milioni tatu na nusu, iliamua onyo lishike asilimia 80 ya pakiti. Kampuni ya tumbaku ya Philip Morris ikaishtaki 2010, si katika mahakama za Uruguay tu, bali mbele ya wasuluhishi wa Benki ya Dunia, kwa kutumia mkataba wa kulinda uwekezaji kati ya Uswisi na Uruguay, na ikadai dola milioni 25. Australia ilipovua pakiti rangi zote, kampuni hiyo hiyo ikaishtaki kupitia mkataba wa Hong Kong, na nchi kadhaa, Cuba na Honduras zikiwemo, zikapeleka shauri Shirika la Biashara Duniani. Uruguay ilishinda 2016, tena kampuni ikaamriwa kuilipa dola milioni 7 za gharama. Australia ilishinda kote kuwili, la mwisho likiisha 2020. Kwa hiyo mtu atasema: mbona sheria za biashara hazijaiua afya? Zimeishinda tumbaku!

Ni kweli zimeishinda. Lakini mwizi haingii kila nyumba, humtosha kubisha moja kijiji kizima kikalala macho. Australia ina mawakili wa kukesha. Togo ilipotaka pakiti zisizo na rangi ilipata barua ya kampuni ikikumbushwa mikataba ya biashara na gharama za kuikiuka, na Togo si Australia. Mwaka 2017 gazeti la Guardian la Uingereza lilitaja nchi nane za Afrika zilizoandikiwa au kushtakiwa namna hiyo, Kenya na Uganda zikiwemo. Barua ni karatasi moja na stempu. Kuijibu kwataka wanasheria watano kwa miaka mitano.

Nina mchepuko mmoja mfupi hapa, univumilie, maana unahusu karafuu na sisi watu wa pwani karafuu hatuipiti kimya. Mwaka 2009 Marekani ilipiga marufuku sigara za ladha, ya karafuu ikiwemo, lakini ikaiacha ya menthol, yaani ya mnanaa. Indonesia, ambayo zamani ndiyo iliyokuwa mnunuzi mkubwa wa karafuu za Zanzibar kwa ajili ya sigara zake, ikashtaki katika Shirika la Biashara Duniani na ikashinda 2012. Hoja ilikuwa kwamba menthol na karafuu ni ndugu, huwezi kumfukuza mmoja ukambakiza mwingine. Jawabu lilikuwa rahisi: wafukuzwe wote wawili. Lakini menthol ipo madukani hadi leo.

Kesi ya Uganda ni sura ile ile. Siwalaumu majaji wenu. Mkataba unasema msibaguane, nao wakasoma mkataba. Na ule ushuru wa Uganda, tusidanganyane, haukuwa wa mapafu ya mtu. Pafu halijui sigara imetoka Uganda au Kenya. Lakini hukumu haikuikataza Uganda kuzitoza sigara zote, za ndani na za nje, kiwango cha juu. Usawa wa sigara unaweza kupatikana kwa kuzipandisha zote. Naomba uniambie ni kikao gani cha mawaziri wenu kilichowahi kuuelewa usawa kwa upande huo.

Kwa hisani yako, nieleze pia sifa nyingine zinazonivutia. Sigara hujua kuandika sheria. Mwaka 1994 Kenya ilitoa kanuni za kilimo na uuzaji wa tumbaku. Watafiti waliosoma nyaraka za ndani za BAT wakachapisha 2007 kwamba rasimu ilitoka kwa kampuni yenyewe, kisha serikali ikapongezwa kwa hatua zake za busara. Sisi wakulima wa maembe hatujawahi kuandika hata tangazo la mkutano wa chifu. Tena tumbaku hujua kubadilika. Mwaka 2019 nikotini iliingia madukani Kenya ndani ya vifuko vidogo vya kubana mdomoni, jina lake Lyft, imeandikishwa kwa Bodi ya Famasia na Sumu. Ilichukua hadi Oktoba 2020 kwa Waziri wa Afya wa wakati huo, Mutahi Kagwe, kuufuta usajili ule. Katika zahanati za huku tunaambiwa kila wiki dawa zimekwisha. Kumbe zilikuwa zimehamia dukani.

Na usiniambie kwamba haya ni ya wageni tu. Mei 2024 magavana wa Mombasa na Kilifi walipopiga marufuku muguka, aina ya miraa ya kutafuna, kwa sababu ya vijana wao, wakulima wa Embu walikimbilia mahakamani na serikali kuu ikasema kaunti hazina ruhusa ya kuzuia zao la taifa. Nilijifunza kwamba ukitaka kulindwa Kenya, uwe zao. Nimejaribu kuwa mkulima wa zao, sikufika.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Sisi wa Delta ya Tana tumewaona wageni: waliotaka miwa, waliotaka jatrofa, na Qatar ambayo mwaka 2008 ilisemekana kupewa hekta 40,000 za kulima chakula chake. Wengi walikwenda zao kabla hatujajifunza majina yao. Mgeni pekee aliyekuja akakaa, asiyedai ardhi, asiyezuiwa na mafuriko, ni huyu wa pakiti. Mwenyeji bado anakohoa.

Mjomba wangu alivuta tangu ujana wake. Nilikuwa namnunulia mimi, moja moja, nikitumwa na sarafu nikiwa sijafika kimo cha meza ya duka. Kifua kilipomlemea tulimpeleka Mombasa, zaidi ya kilomita mia mbili kwenda na nyingine kama hizo kurudi, mara saba. Tuliuza ng'ombe kwanza, kisha mtumbwi, kisha shamba la ndizi la upande wa Idsowe. Kila ng'ombe aliondoka na kibali. Siku ya saba tulirudi naye amefunikwa shuka. Philip Morris iliihesabu hasara yake kwa dola mbele ya wasuluhishi. Yetu ilihesabiwa kwa mifugo, na hakuna mkataba wa biashara wenye safu ya kuiandika.

Mheshimiwa, najua taratibu. Huenda ukaniambia kwamba mtu hawezi kuwa sigara kwa kuwa hana thamani ya forodha. Ikiwa ombi hili litakataliwa, nina la badala, nalo ni dogo zaidi. Kenya ilitia saini na kuuridhia Mkataba wa Shirika la Afya Duniani wa Kudhibiti Tumbaku siku moja, tarehe 25 Juni 2004. Mkataba huo una mikutano. Mikataba ya biashara na uwekezaji ina mahakama na faini. Kila mnapoketi kuandika mkataba mpya, na Ulaya, na Uingereza, na Afrika nzima, wekeni ndani yake kifungu kimoja kinachosema kuwa hatua za kudhibiti tumbaku haziwezi kushtakiwa na mwekezaji. Si jambo geni. Nchi 12 za Pasifiki, Marekani na Japani zikiwemo, zilitia saini mkataba wa biashara mwaka 2016 wenye kifungu cha kuruhusu hilo hilo. Marekani ilijitoa, kifungu kikabaki. Kisha mawaziri wenu wa fedha wakae siku moja, wapandishe ushuru wa sigara Nairobi, Kampala, Dar es Salaam, Kigali, Bujumbura na kwingineko kote katika Jumuiya kwa kiwango kimoja, pasiwe na sigara ya kulia kwamba imebaguliwa. Na mtu mmoja atumwe Garsen, hata awe kijana wa mafunzo, aje na nauli ya kurudi, asimame kwenye kibanda kile kwa saa mbili tu na aigeuze pakiti picha itazame watu.

Hayo yakishindikana, basi nirudi kwenye ombi langu la kwanza. Niko tayari kuhamia Nairobi nikatengenezwe.

Wako mtiifu,

Mkulima wa maembe (mtu kwa sasa),
Garsen.

Viambatisho: picha mbili za pasipoti; barua ya chifu; embe moja, ngowe. Embe likifika limeoza, lilizuiwa njiani kwa ukaguzi. Sigara sikuambatisha. Nimeambiwa huko zinafika zenyewe.